Jinsi Sekiete Alivyoburutwa Hadi Kitini

Iko nchi moja, si yetu, maana yetu haina mambo kama haya, ambako kiongozi haruhusiwi kukubali kitu mara ya kwanza. Akipewa cheo, lazima akatae. Akipewa gari, lazima aligeuzie mgongo kwanza. Akipewa shamba la mtu mwingine, lazima apanguse macho na kusema kwamba hastahili. Halafu anachukua. Anayekubali haraka huitwa mlafi. Anayekataa kwa muda mrefu huitwa mtu wa watu. Anayekataa mpaka akazirai hupewa wizara.

Wananchi wa nchi ile wanaupenda sana utaratibu huo. Redio ndivyo inavyosema, na redio ya huko haijawahi kukosea.

Katika nchi hiyo kulikuwa na jimbo la pembeni kabisa, na katika jimbo hilo aliishi Sekiete Lubango, mkodishaji wa viti. Harusi ilikuwa viti vya Sekiete, msiba ulikuwa viti vya Sekiete, na watu wawili wakigombana kwa muda mrefu njiani, mtu alitumwa kwa Sekiete kuchukua viti vya watazamaji. Yeye mwenyewe hakuwa na muda wa siasa. Siasa ndiyo iliyomfuata, na ilimfuata kwa ajili ya viti.

Siku hiyo chama kilikuwa kinachagua mgombea udiwani. Wagombea wawili walikuwa wameshikana mashati mbele ya meza kuu, mkutano umechelewa, na Sekiete alikuwa na harusi inayomsubiri upande wa pili wa mji. Akapita katikati ya turubai, akasimama mbele, akasema, "Jamani, naomba mnyanyuke."

Mkutano mzima ukasimama.

Mjumbe aliyetumwa kutoka makao makuu ya chama akadondosha kalamu. "Mmeona?" akasema. "Neno moja tu! Mtu wa namna hii mlimficha wapi?"

"Mimi nimefuata viti vyangu," Sekiete akasema.

"Nakupendekeza uwe mgombea."

"Sitaki. Nina harusi."

Turubai likalipuka kwa makofi. "Anakataa!" akina mama wakapiga kelele. "Mwoneni, anakataa!"

"Nasema kweli, sitaki!"

Wagombea wale wawili wakaachiana mashati, wakatazamana, wakajua kwamba mambo yao yamekwisha. Ile harusi watu walikaa kwenye mikeka, na Sekiete akawa diwani.

Baada ya hapo kila alipokataa alipanda. Alikataa kugombea ujumbe wa Baraza la Jimbo kwa sababu ya mgongo, akapita bila kupingwa. Alikataa uenyekiti wa kamati ya barabara kwa sababu hajui chochote kuhusu barabara, akapewa na ya maji pia. Tusimpake mafuta tukamfanya mtakatifu. Gari alilizoea. Kuitwa Mheshimiwa na watu waliokuwa wakimwita "wewe wa viti" alikuzoea haraka zaidi. Ila kila mara alipokataa alikuwa anakataa kweli, na hilo hakuna aliyewahi kulitambua. Mwishoni hata yeye aliacha kulitaja.

*

Mkuu wa jimbo lile aliitwa Mtukufu Dakta Farijala. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alipewa na chuo kimoja baada ya kukipelekea bomba la maji. Huyu Mtukufu alikuwa amechoka kusafiri kwa barabara, kwa sababu barabara za jimbo lake zilikuwa mbaya, na hakuelewa nani anapaswa kuzitengeneza. Akaamua kujenga uwanja wa ndege.

"Mtukufu, ndege tunayo?" aliuliza mshauri mmoja, ambaye siku hizi hashauri tena.

"Kwanza uwanja," akajibu Dakta Farijala. "Ndege watazileta wenyewe wakiona mahali pa kutua."

Mahali palipoonekana pazuri ni Bonde la Mseru, kwa sababu ni tambarare. Ni tambarare kwa sababu mababu wa wenyeji walilisawazisha kwa majembe, wakagawanya majaruba, wakaelekeza maji, na mpaka leo mpunga wa jimbo zima unatoka huko. Hilo wataalamu walilieleza kwenye ripoti yao kwa maneno haya: "Eneo limekwishasawazishwa."

Sekiete Lubango alizaliwa Mseru. Dada yake mkubwa, Mwajabu, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa na majaruba yake kule, na ndiyo yaliyonunua vile viti vya kwanza.

Ili kuchukua bonde ilihitajika sheria, na sheria haiwi sheria mpaka Spika wa Baraza la Jimbo atamke kwamba imepita. Spika wa zamani alikuwa ameteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo bado inatafutwa. Dakta Farijala akafikiri siku nzima, akachagua Spika mpya. Mtu wa Mseru akiligawa Bonde la Mseru kwa kinywa chake mwenyewe, nani wa Mseru atalalamika?

Sekiete alielewa mara moja. Akaenda ofisini kwa Mtukufu akasimama mbele ya meza.

"Mtukufu, uspika siutaki."

"Vizuri sana," akasema Dakta Farijala, "lakini usimalize nguvu hapa. Zihifadhi za Jumatatu."

*

Katika Baraza lile kuna kanuni ya kuburuta. Mtu akishachaguliwa kuwa Spika, kanuni inamtaka asikubali kukalia kiti. Inabidi wajumbe wamkamate, wamburute mpaka kitini, yeye akipinga kwa kadiri ya heshima aliyonayo. Ni desturi iliyoachwa na wakoloni, ambao kwao mburutwaji husukumwa kidogo kwenye kiwiko, anacheka, basi. Wenzetu wa nchi ile waliiboresha. Spika mmoja aling'ang'ania pazia likashuka naye. Mwingine alijifunga kwa mshipi kwenye mguu wa meza, na mguu huo uko makumbusho.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Mwenye kazi ya kuongoza uburutaji ni mpambe wa Baraza, yule abebaye siwa, rungu la heshima la Baraza, na kulinda mlango. Alikuwa koplo mstaafu, Hemedi Ndwata, mtu mpana, mpole. Upande wa pili alisimama Mheshimiwa Pongwa, mnadhimu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wajumbe wanapiga kura kama walivyoambiwa.

"Mheshimiwa mteule," Pongwa akamnong'oneza, "mimi nitashika mkono wa kulia. Ukifika karibu na meza, lia kidogo."

"Pongwa, sikia. Mimi sitaki. Nataka kwenda nyumbani."

"Umeanza vizuri," akasema Pongwa.

Wakamshika. Sekiete akajirusha chini. Ukumbi ukapiga makofi. Akang'ang'ania benchi, wakambandua vidole kimoja kimoja. Akatambaa kuelekea mlangoni, na akina mama kwenye jukwaa la wageni wakapiga vigelegele. "Niacheni!" akafoka. "Mimi si mtu wenu! Tafuteni mwingine!"

"Jamani, huyu anajua!" mjumbe mzee mmoja akasema huku machozi yakimtoka. "Hawa vijana wa siku hizi wanaigiza tu. Huyu anajua!"

Karibu na meza Sekiete akamuuma Koplo Ndwata mkono. Si kwa mfano. Alimuuma mpaka koplo akamwita mama yake. Ndipo ukumbi mzima ukasimama kwa heshima. Wakamvalisha joho likiwa limegeuka, wakamkalisha, wakamshikilia mabega mpaka dua ikaisha.

Gazeti la jimbo liliandika kwamba tangu nchi ipate uhuru hakujaonekana unyenyekevu wa kiwango kile. Chuo cha viongozi kiliomba kanda ya video. Na Dakta Farijala alimpigia simu mwenyewe.

"Spika, nimejifunza kitu leo. Hata mimi sikuwahi kukataa namna ile."

"Mtukufu, nilikuwa nakataa kweli."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu aliyeguswa moyo, anapenga kamasi. "Na bado anakataa," Mtukufu akamwambia mtu aliyekuwa naye chumbani. "Mwongezeeni gari."

*

Sasa inabidi nieleze jinsi kura zilivyokuwa zikipigwa katika Baraza lile.

Zilikuwa za sauti. Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wanasema. Anauliza wasioafiki waseme siyo, wanasema. Kisha Spika anatangaza waliosema ndiyo wameshinda. Spika wa zamani alikuwa akitangaza ushindi wa ndiyo kabla hajauliza siyo, ili kuokoa muda.

Kwa kuwa ndiyo hushinda daima, siyo haikuwa na gharama. Na redio ya jimbo ilipoanza kutangaza vikao moja kwa moja, wajumbe waligundua jambo. Mjumbe mmoja alisema siyo kwa nguvu kwenye muswada wa kodi ya mapaa ya bati, na aliporudi kwao alikuta amechinjiwa mbuzi. Muswada ulikuwa umepita, kodi ilikuwa inalipwa, na mbuzi akaliwa. Kikao kilichofuata watu wengi zaidi walisema siyo. Kilichofuata hicho, karibu ukumbi wote. Walisema siyo kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, ili wapiga kura wamtambue. Ndiyo ilibaki ya Pongwa, mawaziri wa jimbo, na wale waliokuwa wamelala wakaamshwa mapema mno.

Baada ya kikao walikutana kantini, wakashikana mikono na Pongwa, wakapongezana. Hakuna aliyekasirika. Pongwa mwenyewe alikuwa akiwasahihisha: "Leo siyo yako ilikuwa nyembamba, Mheshimiwa. Tumia kifua."

Muswada wa kwanza wa Spika Sekiete ulikuwa wa kodi ya visima. Aliuliza ndiyo, akapata kitu kama kikohozi. Aliuliza siyo, na glasi za maji zikatikisika mezani. Akazitazama glasi. Katibu wa Baraza akainama karibu na kiti cha Spika. "Ndiyo wameshinda, Mheshimiwa."

"Wewe umesikia hivyo?"

"Mimi ni Katibu, Mheshimiwa. Huwa sisikii."

Sekiete akatazama ukumbi. Nyuso zote zilimtazama kwa upole, zikisubiri kwenda chai. "Waliosema ndiyo wameshinda," akasema, na sauti yake ikaenda redioni.

*

Jumamosi Mwajabu alikuja. Walinzi wa nyumba ya Spika walimzuia getini kwa sababu ya matope miguuni. Akawaambia kwamba huyo bwana wao yeye ndiye aliyembeba mgongoni, tena akakojolewa, wakafungua.

Sekiete alimkuta amekaa kwenye ngazi, amekataa sofa.

"Dada, karibu ndani."

"Hapa panatosha. Wewe Sekiete, mdogo wangu, masikio yako yanauma?"

"Hayaumi, dada."

"Nimeuliza kwa sababu kule Mseru redio ya Baraza tunaitundika jarubani. Kwelea, wale ndege wanaokula mpunga, wanaiogopa kuliko debe tunalowapigia. Basi juzi tunasikiliza ile kodi ya visima, siyo ikaja kama ng'ombe wanateremka mlimani. Watu wakaanza kushangilia. Halafu tukasikia sauti ya mtoto niliyemlea mimi inasema ndiyo wameshinda."

Sekiete akatazama viatu vyake.

"Dada, mimi uspika niliukataa. Muulize yeyote. Nilimuuma mtu."

"Nilisikia. Tulisikia makofi." Mwajabu akapangusa tope kwenye kisigino. "Umekataa, ukakaa. Umekataa gari, unalo. Sasa unamkatalia nani, Sekiete? Hao watu kukataa kwako wanakula na wali."

"Sasa nifanye nini? Nikisema sitaki wanashangilia. Nikilia wanashangilia. Nikijiua wataipa barabara jina langu."

"Mimi sijasoma sheria. Nauliza tu, kazi ya Spika ni nini?"

"Kuuliza ndiyo, kuuliza siyo. Kusema nani ameshinda."

"Na hiyo umewahi kuifanya?"

 Mwajabu akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mbegu zimeshaota kitaluni," akasema. "Wiki hii tunapandikiza. Niwaambie wenzangu wapandikize au wasipandikize?"

"Dada, hilo siwezi kuliahidi."

"Sikuomba ahadi. Nimeuliza tupandikize au tusipandikize."

Sekiete akasimama naye. "Pandikizeni."

*

Muswada wa Uwanja wa Ndege ulisomwa Alhamisi. Dakta Farijala alikuja mwenyewe, akakaa mstari wa mbele kwenye jukwaa la wageni, akiwa na suti ya rangi ya anga. Nje ngoma zilikuwa zimeshapangwa, na harufu ya pilau iliingia mpaka ndani. Ratiba ya siku ilikuwa na mambo mawili: kupitisha muswada, na chakula.

Pongwa aliwasilisha hoja. Alisema uwanja utaleta watalii, watalii wataleta njaa ya kuona vitu, na wakulima wa Mseru watakuwa kitu cha kuonwa. Mjumbe mmoja akasimama na kuupinga kwa ukali wa kutisha, akapiga meza, akasema bonde litachukuliwa juu ya maiti yake. Alipokaa, alimkonyeza Pongwa. Mwingine akasimama akalia kabisa, akitaja mpunga kwa aina zake. Redio ilichukua kila kitu.

Sekiete alisikiliza mpaka wa mwisho. 

"Sasa nitawahoji," akasema. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," alisema Pongwa, na mawaziri, na mzee mmoja aliyeshtuka.

"Wasioafiki waseme siyo."

Ilikuwa siyo kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika pale. Wajumbe walijua kwamba jimbo zima linasikiliza, wakatumia kifua. Vioo vya madirisha vililia. Dakta Farijala mwenyewe alitabasamu kwa fahari, kwa sababu demokrasia ilikuwa imekomaa katika jimbo lake.

Katibu akainama. "Ndiyo wa..."

"Nimesikia," akasema Sekiete. Akavuta kipaza sauti karibu. "Waliosema siyo wameshinda. Muswada umekataliwa. Kwa kanuni zetu, muswada uliokataliwa hauwezi kurudishwa hapa mpaka Baraza hili livunjwe na lingine lichaguliwe."

Mahali fulani nyuma watu walianza kupiga makofi kwa mazoea, kisha mikono ikasimama hewani.

"Kuhusu utaratibu!" Pongwa alikuwa amesimama, tai imemkaa begani. "Mheshimiwa Spika, umekosea!"

"Nimekosea wapi?"

"Hawa... wajumbe hawa hawakumaanisha hivyo. Ilikuwa siyo ya kawaida!"

"Mimi sizijui siyo za kawaida na zisizo za kawaida, Mheshimiwa Pongwa. Nimesikia moja tu, na ilikuwa kubwa. Lakini tusigombane. Kama kuna mjumbe aliyesema siyo bila kumaanisha, asimame kwenye kipaza sauti, ataje jina lake na sehemu anayotoka, aseme kwamba alikuwa anawadanganya watu wake. Nitaihesabu upya."

Wajumbe wakatazama meza zao. Aliyesema bonde litachukuliwa juu ya maiti yake alianza kuinuka, akaona taa nyekundu ya redio, akajifanya anarekebisha kiti.

"Mheshimiwa wa maiti, ulitaka kusema?"

"Hapana, Mheshimiwa Spika. Nilikuwa... nilikuwa nasisitiza tu."

"Unasisitiza siyo?"

Yule bwana akatazama taa, akamtazama Mtukufu, akatazama taa tena. "Ndivyo wapiga kura wangu walivyosikia," akasema, akakaa.

Juu kwenye jukwaa Dakta Farijala alikuwa amesimama. Hakuhitaji kipaza sauti. "Sekiete! Futa hayo maneno. Sasa hivi."

"Siyafuti."

Ilikuwa kukataa kama kwingine kote alikowahi kufanya mtu huyo, na hakuna aliyepiga makofi. Safari hii kila mmoja alielewa kwamba anakataa kweli, na wengine walianza kutafuta mlango kwa macho.

"Nilikutoa kwenye viti vya plastiki!" akafoka Mtukufu. "Nitakurudisha huko leo leo! Utakodisha viti mpaka ufe!"

"Inawezekana," akasema Sekiete.  "Lakini hiyo ni baadaye. Sasa kikao kinaendelea, na mgeni haruhusiwi kuzungumza ndani ya ukumbi huu. Mpambe, mwombe mgeni aketi. Asipoketi, mtoe."

Koplo Ndwata alitazama siwa, akatazama jukwaa, akatazama alama za meno kwenye mkono wake, ambazo zilikuwa bado hazijafutika. Akapanda ngazi taratibu, mtu mpana anayepumua kwa nguvu. Akasimama mbele ya Mkuu wa Jimbo na kupiga saluti iliyonyooka.

"Mtukufu," akasema kwa upole wake wote, "keti, tafadhali. Au twende."

Dakta Farijala alitazama wajumbe wake, mmoja baada ya mwingine, wote waliokuwa wakisema siyo kwa ruhusa yake miaka yote hii. Hakuna aliyeinua uso. Taa ya redio ilikuwa inawaka. Mtukufu akaketi.

 Sekiete alijua kwamba hata kabla ya jioni magari yote mawili yatakuwa yamechukuliwa, na walinzi, na pengine yeye mwenyewe. Sheria ya nchi ile ina njia nyingi za kumfikia mtu. Lakini saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa tano asubuhi, na mwenye kiti alikuwa yeye.

"Katibu, shughuli inayofuata."

"Mheshimiwa," Katibu akanong'ona, "kinachofuata ni pilau."

"Pilau lifunikwe. Nasikia kulikuwa na siyo nyingine, ya kodi ya visima." Akageukia ukumbi, akakaa vizuri kitini. "Waheshimiwa, fungueni tena makaratasi ya siku ile. Tunaanza mwanzo, na leo nitasikiliza."